Kurasa za teknolojia zitufundishe kutengeneza, sio kununua tu

Mhariri, salaam kwako na kwa wenzako wote hapo chumba cha habari.

Naomba nafasi niseme jambo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu, na nawaomba msilikate sana maana lenyewe haliishi kwa mistari mitatu. Ukurasa wenu wa teknolojia mimi huwa nauanza kabla hata ya michezo, lakini kiukweli siku hizi ukiusoma mpaka chini unatoka unajua tu simu gani imetoka, kamera yake ina megapikseli ngapi, app gani watu wanashusha na tajiri gani kasema nini kuhusu akili bandia. Basi. Hamna mstari hata mmoja unaomwambia kijana hicho kitu kinafanyaje kazi, ukitaka kukifungua unaanzia wapi, cha kwako mwenyewe unakitengenezaje. Msomaji amewekwa kwenye kundi la wanunuzi na hapo ndo mwisho wake. Na mimi nasema hivi vitu tunavyojivunia leo, kompyuta za nyumbani, programu huria (zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzisoma na kuzibadilisha), mawasiliano ya masafa marefu, kwa sehemu kubwa vililetwa na watu waliokataa kuwa wanunuzi tu, na mara nyingi aliyewatia moto alikuwa gazeti, au jarida, au kipindi cha redio, kilichowapa mchoro kikawaambia haya jaribuni.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Yugoslavia, nchi ya Ulaya ambayo leo haipo tena. Mwaka 1983 huko kulikuwa na sheria za forodha zilizobana sana kuingiza vitu vya bei kubwa kutoka nje, kwa hiyo zile kompyuta za nyumbani ambazo Waingereza na Wamarekani walikuwa wanazichukua madukani wao wengi waliziona kwenye picha. Sasa kuna mhandisi anaitwa Voja Antonić, yuko likizo zake pwani huko Risan, anasoma kijitabu cha maelezo ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, akapata wazo. Kompyuta inakuwa ghali kwa sababu ina saketi ya pekee ya kuchora picha kwenye skrini, je tukiiondoa, tukaiachia prosesa yenyewe, Z80, ichore kila kitu kwa programu? Hasara yake ni kwamba muda mwingi wa prosesa unaishia kwenye kuchora na hesabu zinapata kilichobaki, ila faida ni kwamba bodi inabaki na vipande vichache ambavyo mtu wa kawaida mwenye mkono mtulivu anaweza kuvilehemu mezani kwake. Programu ya msingi yote ikaingia kwenye kilobaiti 4, yaani nafasi ya herufi elfu nne hivi tu. Nafasi ilikuwa finyu mpaka mashine ikikwama ina majibu matatu tu ya neno mojamoja: sijaelewa ulichoandika, nimeelewa ila haiwezekani, na kumbukumbu imejaa. Mimi ule ubanaji naona ni uzuri mtupu, kila baiti ina kazi yake, hamna kinachokaa bure.

Halafu hapa ndo penyewe. Ule mchoro haukufichwa wala haukuuzwa kwa kampuni. Dejan Ristanović, mwandishi wa mambo ya kompyuta, akaupeleka kwenye toleo maalumu lililotolewa na jarida la Galaksija mwishoni mwa mwaka huohuo, mchoro wote, orodha ya vipande, hatua za kuunganisha, kila kitu, na kompyuta ikapewa jina la jarida. Wenyewe walidhani watajitokeza watu wachache, kumbe zaidi ya 8,000 waliagiza vipande wakajitengenezea. Jarida ndo lilifanya hivyo, mhariri. Karatasi na wino.

Na programu za kuweka kwenye hiyo kompyuta wakazipata wapi, intaneti hamna? Redio. Enzi zile programu zilikuwa zinahifadhiwa kwenye kaseti za kawaida kama sauti, na mtangazaji Zoran Modli wa Radio Belgrade, kipindi cha Ventilator 202, akakubali kuzirusha hewani, maana kama programu ni sauti basi redio itashindwa vipi kuibeba? Anawaambia wasikilizaji wakae tayari na rekoda, halafu anaiachia, mlio mkali wenye mikwaruzo unaojaza sebule nzima, mtu asiyejua anadhani stesheni imeharibika, kumbe kuna vijana kila kona ya nchi wamebonyeza kitufe cha kurekodi na hakuna anayeruhusiwa kupiga kelele nyumbani mpaka iishe. Ikiisha unaichomeka kaseti kwenye kompyuta, inapakia, gemu linaanza. Na wasikilizaji wengine walikuwa wanaifanyia marekebisho ile programu wakairudisha stesheni irushwe tena ikiwa bora zaidi. Uholanzi nako shirika la utangazaji la NOS lilifanya kitu cha aina hiyo, wakaunda na namna moja ya kuandika programu, Basicode, ili kompyuta za kampuni tofauti ziweze kusoma matangazo yaleyale. Watu walikuwa wanashusha programu bila waya zaidi ya miaka 40 iliyopita, na ukiwasimulia vijana wa leo wanakushangaa.

Msije mkadhani ni Yugoslavia peke yake. Kompyuta ya nyumbani yenyewe ilipata umaarufu kutoka kwenye jalada la jarida, Popular Electronics la Marekani, toleo la Januari 1975, mashine ya Altair 8800. Unaagiza, unaletewa boksi la vipande, unaunganisha. Ukimaliza unapata sanduku lenye swichi na vitaa kwa mbele, hamna kibodi, hamna skrini, hamna spika, na kumbukumbu ya kuanzia ni baiti 256. Baiti, sio kilobaiti. Machi mwaka huohuo wapenzi wa hivi vitu wakakutana gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, wakaanzisha Homebrew Computer Club, na mmoja wao, Steve Dompier, siku moja alikuwa na redio ndogo pembeni ya Altair yake, programu ikawa inakimbia na redio ikaanza kulia. Mwingine angeisogeza ile redio mbali. Yeye alikaa akasikiliza, akang'amua kwamba saketi za kompyuta zinatoa mawimbi ya redio kila zinapofanya kazi, na kwamba programu inayozunguka haraka inatoa mlio mwembamba na inayozunguka taratibu inatoa mlio mnene. Akajaribu mpaka akajua mzunguko upi unatoa nota ipi, akaandika programu ya muziki, akaenda nayo mkutanoni, akaiingiza kwa swichi namba baada ya namba, akaweka redio karibu, na sanduku lisilo na spika likaimba mbele ya watu.

Mimi hiki kisa ndo naona kina roho yote ya udukuzi ninaoutetea. Hajavunja nyumba ya mtu wala hajaiba nywila ya mtu. Kasikia kelele ambayo wengine wote wangeiita usumbufu, akauliza inatoka wapi, akaifanya kazi. Na kabla yake kule chuo cha MIT, Marekani, wanafunzi waliokuwa na kompyuta ya PDP-1 walikuwa na moyo huohuo, Steve Russell na wenzake wakaandika gemu la Spacewar mwaka 1962, Peter Samson akaongeza ramani ya nyota za kweli, Dan Edwards akaongeza mvutano wa nyota ya katikati, kila mtu anaongeza chake juu ya cha mwenzie na hakuna aliyemwambia mwenzake usiguse. Steve Wozniak aliyekuja kuibuni Apple ya kwanza naye alikuwa palepale Homebrew, na huyo alishapata leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaowasiliana hewani kwa kupenda na sio kwa biashara, tangu akiwa mtoto wa shule.

Kwa haki niseme pia kwamba ugomvi ulikuwepo. Februari 1976 Bill Gates, kijana wa miaka 20 tu, aliwaandikia hao wapenzi barua ya wazi akilalamika kwamba wanakopiana kanda ya BASIC yake, lugha ya kuandikia programu, bila kulipa. Na mimi nasema alikuwa na hoja, mtu akitoa jasho alipwe, sibishani hapo. Ninachobishania ni kile kilichofuata, kwamba kidogo kidogo mashine zikawa sanduku lililofungwa, programu unapewa imeshapikwa, ndani huoni, na ukitaka kuona unaonekana mtu mbaya. Bahati nzuri kuna waliokataa, Richard Stallman akatangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, Linus Torvalds akatangaza Linux, kiini cha mfumo wa kuendesha kompyuta, mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na leo kiini cha Linux ndo kiko ndani ya kila simu ya Android ambayo kurasa zenu zinaisifia kamera.

Sasa nije kwenye redio, maana nikisema redio watu wanawaza taarifa ya habari na muziki, wakati simu yenyewe ni redio kadhaa zimebanwa kwenye kifuko kimoja, ya mtandao wa simu, ya Wi-Fi, ya Bluetooth, ya kupokea satelaiti za GPS. Hata hii ya kompyuta nyingi kugombania hewa moja bila kuvurugana ina historia yake, mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake Chuo Kikuu cha Hawaii walikuwa wanataka kuunganisha kompyuta zilizo visiwa tofauti, wakatumia redio, na kanuni ikawa rahisi kabisa: rusha ukiwa na cha kurusha, kikigongana na cha mwenzio subiri muda wa kubahatisha urushe tena. Kutoka hapo Bob Metcalfe akapata msingi wa Ethernet, njia ya kuunganisha kompyuta kwa waya, mwaka 1973. Mtoto akiielewa hiyo kanuni moja kaelewa kwa nini Wi-Fi inakuwa nzito pakiwa na watu wengi, na hahitaji kununua chochote kuielewa.

Waredio wa ridhaa nao wana kisa ambacho kingetosha kujaza ukurasa wenu mwezi mzima. Mwaka 1912 Marekani walipotunga sheria ya redio, wale wapenzi waliokuwa wanajaza hewa na vyombo vyao vya nyumbani wakasukumiwa kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini. Wataalamu wa wakati ule waliamini ukitaka kufika mbali lazima wimbi liwe refu, hayo mafupi hayana kazi, wapeni hao watoto wachezee. Wakachezea kweli. Desemba 1921 Paul Godley akafunga antena Ardrossan, Uskoti, kwenye baridi na mvua, akawasikia wenzake wa Marekani ng'ambo ya Atlantiki. Novemba 1923 Fred Schnell wa Marekani na Léon Deloy wa Ufaransa wakaongea kwenda na kurudi kwenye wimbi la mita 100 na kitu, na muda si mrefu John Reinartz naye akaingia. Kumbe wimbi fupi likipanda angani linakutana na tabaka lenye umeme, ionosfia, linarudishwa chini mbali kabisa, na mwanasayansi wa Uingereza Edward Appleton akaanza kulithibitisha hilo tabaka kwa vipimo mwaka uliofuata, mpaka akapata Nobel 1947. Yale mawimbi waliyopewa kama makombo ndo baadaye mashirika makubwa ya utangazaji yakayakimbilia kutangaza dunia nzima kwa masafa mafupi. Vizazi na vizazi vya wasikilizaji wa Kiswahili wamepata habari kwa masafa mafupi, na asili yake ni watu waliosukumwa pembeni wakaamua kujaribu.

Mtu ataniambia hayo ni ya zamani, leo vifaa vimekuwa vigumu. Hapana jamani. Leo ni rahisi kuliko wakati wowote. Mwaka 2012 wadukuzi, mmoja wao Antti Palosaari wa Finland, waligundua kwamba vile vijiti vya USB vya kuangalizia TV kwenye kompyuta vyenye chipu ya RTL2832U vinaweza kutoa namba ghafi za mawimbi vinayopokea, badala ya picha ya TV peke yake. Maana yake kompyuta sasa ndo inafanya kazi yote ya redio kwa hesabu, na kijiti kilekile kinasikia kuanzia megahezi 24 hivi mpaka 1,700 na ushei. Chombo ambacho zamani kingejaza meza ya maabara sasa kinaingia mfuko wa shati, na programu zake nyingi ni huria, unaweza kuzifungua uone hesabu zenyewe.

Ngoja nionyeshe nafasi ya kitu kama hicho gazetini ni ndogo kiasi gani. Kituo cha Kimataifa cha Anga kina redio ya ridhaa inayorusha kwenye megahezi 145.8. Chukua 300, yaani kasi ya mawimbi kwa mamilioni ya mita kwa sekunde, ugawe kwa 145.8, unapata urefu wa wimbi, mita 2 na sentimita 6. Robo yake ni sentimita 51 hivi, punguza kidogo, kama asilimia tano, kwa sababu umeme kwenye waya haukimbii sawasawa na hewani, unabaki na sentimita 49. Kata waya mbili za urefu huo, moja ifunge kwenye kiini cha waya wa antena ya TV, nyingine kwenye wavu wake wa nje, zitanue zifanye pembe ya nyuzi 120 zikiwa zimelala, ziweke juu palipo wazi. Tafuta saa kituo kitapita juu yako, zipo programu za bure zinazoonyesha. Ule waya wa antena uchomeke kwenye kijiti cha USB, kijiti kwenye kompyuta, kisha fungua programu ya redio uangalie skrini. Picha ya mawimbi inashuka taratibu kutoka juu, stesheni za FM ukizipitia ni mistari minene inayotetemeka na muziki, ndege ukienda megahezi 1,090 ni vidoa vya kasi, na kile kituo kikianza kurusha utauona mstari wake umesimama kama kilohezi 3 juu ya pale ulipopategemea, halafu unajipinda, unavuka katikati kituo kikiwa juu yako, unaishia kilohezi 3 chini kikiondoka. Huo mpindo ndo kasi ya kilomita zaidi ya 27,000 kwa saa, unaiona kwa macho yako, mada ya Doppler, mlio kupanda chanzo kikikaribia na kushuka kikiondoka, ambayo darasani inafundishwa kwa mfano wa king'ora na wanafunzi wanaikariri wapite mtihani. Siku nyingine kituo kinarusha picha kwa njia ya sauti, unaweka simu karibu na spika ya redio, programu ya bure inachora picha mstari kwa mstari. Nimetumia aya moja tu, mhariri, na mtu mwenye kijiti cha USB anaweza kuanza leo.

Na wala sio mchezo wa watoto. Setilaiti ya NASA inaitwa IMAGE, ilirushwa mwaka 2000, ikapotea Desemba 2005, wakaitangaza imekufa. Januari 2018 Scott Tilley, mpenzi wa redio huko Kanada, akiwa na vyombo vyake vya nyumbani anatafuta satelaiti nyingine kabisa ya siri, akakuta mawimbi asiyoyategemea, akapima ule mpindo wa Doppler niliousema, akalinganisha na orodha za mizunguko, akaona ni IMAGE, iko hai, inaita. NASA wakathibitisha. Tazama pia Voyager 1, chombo cha mwaka 1977 chenye kompyuta za kumbukumbu ndogo kuliko picha moja ya simu yako, Novemba 2023 kikaanza kutuma takataka kwa sababu chipu moja ya kumbukumbu ilikufa. Wahandisi wakaisoma ile programu ya zamani, wakaikata vipande, wakavihamishia kwenye nafasi zilizobaki kwenye kumbukumbu, wakarekebisha kila mahali ilipokuwa inaitana, wakatuma kwa redio umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 24, jibu unalisubiri karibu siku mbili, na Aprili 2024 kikaongea tena. Waliweza sababu walikuwa na ruhusa na uwezo wa kugusa kila baiti ya mashine yao.

Linganisha na vifaa tunavyouziwa. Simu nyingi chipu yake ina uwezo wa kupokea redio ya FM bila data wala mtandao, lakini imeachwa bila kuunganishwa au imezimwa, kwa hiyo siku mtandao ukikatika kwa mafuriko au tetemeko una redio mfukoni usiyoweza kuisikiliza. Betri imegandishwa kwa gundi. Kipande halisi ukikihamisha kutoka simu moja kwenda nyingine ya aina ileile mara nyingi programu inakikataa. Masasisho yakisitishwa na mtengenezaji kifaa kizima kinakwenda jalalani, na kwa vifaa vingi huruhusiwi kuweka mfumo mwingine. Mimi hili linanikera kweli, kwa sababu fundi anafanywa aonekane mhalifu na mtoto anakua akiamini kwamba ndani ya kifaa ni mahali asipopaswa kuingia.

Najua mtauliza, tukiwafundisha watu kufungua vitu si tutazalisha wezi? Swali halali. Ila angalieni historia. Juni 1903, London, ukumbi wa Royal Institution, Profesa John Ambrose Fleming anaonyesha redio ya mvumbuzi Marconi ambayo ilisifiwa kwamba mawasiliano yake ni ya faragha, na kabla ujumbe rasmi haujafika mashine ikaanza kupokea alama za Morse za kashfa na mashairi ya kumdhihaki Marconi. Fleming akaandika barua kwa gazeti la Times, akiomba wasomaji wamsaidie kumjua mhuni huyo, na mfanya mazingaombwe Nevil Maskelyne akajibu kwenye gazeti hilohilo, ni mimi, nilitaka umma ujue hiyo faragha haipo. Yaani mjadala wa mwanzomwanzo wa usalama wa mawasiliano bila waya ulifanyikia kwenye kurasa za barua kama hizi. Mwaka 1984 Chaos Computer Club, kikundi cha wadukuzi wa Ujerumani, waligundua kasoro kwenye Btx, huduma ya posta yao ya kusoma taarifa kwenye skrini kupitia laini ya simu, wakahamisha kwa usiku mmoja karibu mark 135,000, pesa ya Ujerumani ya wakati ule, za benki ya akiba ya Hamburg, kisha wakazirudisha hadharani mbele ya waandishi wa habari ili kasoro ikubaliwe. Namna hiyo leo siishauri, kuna njia rasmi za kuripoti kasoro na kampuni nyingi zinalipa wanaozipata, lakini mnaona jambo lenyewe. Mwizi hangoji gazeti limfundishe. Anayebaki gizani tusipofundisha ni yule mwenye akaunti, anayepokea ujumbe wa kutapeliwa na hajui simu yake inaongea na nani.

Kuhusu sheria tuwe wakweli na wasomaji. Kurusha mawimbi kunahitaji leseni karibu kila nchi, na leseni ya ridhaa kwa kawaida ina mtihani, tena ni mtihani mzuri, unafundisha umeme, antena na nidhamu ya hewani. Kusikiliza kuna kanuni zake zinazotofautiana nchi na nchi, kila mtu aulize mamlaka ya mawasiliano ya kwake. Hewa ni ya wote, ukiichafua unaweza kumziba rubani au zimamoto, na mdukuzi wa kweli hilo analijua kabla hujamwambia.

Na hii akili bandia inayoandika programu sina ugomvi nayo, itumike. Ila kijana aliyewahi kukaa na kilobaiti 4 kichwani anaisoma programu iliyoandikwa na mashine akaona palipo na kasoro, na yule ambaye hajawahi atakubali kila kitu anachopewa. Wahandisi wetu wa kesho tunawataka wawe wa aina ile ya kwanza.

Kwa hiyo ombi langu kwa gazeti ni hili. Tupeni robo ukurasa kwa wiki, wala sio zaidi, ya mchoro mmoja unaotengenezeka: antena, redio isiyotumia betri kwa walio karibu na stesheni za AM, saketi ya taa inayojiwasha giza likiingia, programu fupi ya mistari ishirini ambayo mtu anaiandika kwa mkono wake mwenyewe na kuibadilisha. Chapisheni na barua za waliojaribu, hasa waliokwama, ili wiki inayofuata wasomaji wengine wawakwamue. Kama mna stesheni ya redio mnayoshirikiana nayo, irusheni programu ndogo au picha kwa sauti mwisho wa kipindi, simu yoyote inaweza kurekodi. Hakikisheni mchoro unachorwa kwa ukubwa unaosomeka, thamani za vipande ziandikwe pembeni na sio ndani ya mistari, na mtu mmoja autengeneze kabla haujaenda mtamboni. Mchoro wa kwanza wa antena ya sentimita 49 nitawatumia mimi mwenyewe pamoja na maelezo yake yote, bila malipo, mkinijibu tu mnauhitaji kwa vipimo gani vya safu zenu.

Wenu,
Msomaji na mpenzi wa redio na kompyuta